Mtungi wa Mwisho wa Mama

Mfinyanzi hulia gaeni, lakini sisi Wapueblo hatuishii hapo. Chungu kikivunjika tunavisaga vigae, unga wake tukauchanganya na udongo mpya ili chungu kijacho kistahimili moto. Ndiyo maana mama yetu Avelina, siku zake za mwisho, alituonyesha mtungi wake uliopasuka akasema, "Usageni huu. Nusu ya Lorencita, nusu ya Seferina. Nitakuwa humo."

Mimi ndiye Seferina. Aliyesaga ni dada Lorencita, kwa kuwa ndiye mkubwa na jiwe la kusagia liko kwake. Akaniletea unga wangu kwenye kopo la kahawa. Miaka mitatu nimeutumia kwa kuubania, kijiko kimoja kimoja, na nikifinyanga nilikuwa naongea na mama. Mume wangu Reyes akinicheka nilimwambia anyamaze, asituingilie.

Alhamisi nilikwenda kwa dada kuazima chekeche. Yeye alikuwa anakoroga mchuzi wa pilipili.

"Iko rafuni, chukua mwenyewe," akasema.

Ndani ya chekeche nikakuta kigae kimoja, upana wa kiganja, chenye kasuku aliyechorwa na mama, yule mwenye mkia uliopinda, maana mama hakuwahi kuupatia ule mkia.

"Dada, si ulisema umesaga vyote?"

"Hicho nimekiweka nimkumbuke."

"Mbona kwenye unga wangu hamna hata chembe ya rangi hii?"

Akaacha kukoroga. "Seferina, usianze."

"Ulinipa nini?"

"Vyungu vya maua. Vya dukani." Alisema bila kunitazama. "Mdogo wangu, vyako vinapasuka. Ukichoma vitano, viwili kwaheri. Nimtie mama kwenye moto wako? Kwangu yumo salama, hana hata ufa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kama angeutupa ule unga kwa uzembe, ningemsamehe kabla mchuzi haujaiva. Lakini alijua thamani yake, ndiyo maana akaninyima. Miaka mitatu nimevisimulia vyungu vya maua siri zangu, na yeye anajua, na Jumapili tunakula meza moja. Niliona aibu, kisha nikaona hasira.

"Umebakiza kiasi gani?"

"Hakuna. Wa mwisho umo kwenye ule." Akaonyesha kwa kidevu mtungi mkubwa dirishani, umekauka, umeshachorwa. "Nauchoma Jumamosi."

Nikaukumbatia mtungi. Nadhani alifikiri nausifu. Nikaubeba hadi kwenye beseni lake la kulowekea udongo, nikauzamisha. Udongo ambao haujaonja moto haubishani na maji. Ulichemka mapovu, shingo ikainama, tumbo likafunguka, na michoro yote ikawa tope.

"Miezi miwili ya kazi yangu hiyo," dada akasema.

"Najua."

Nikamwaga maji ya juu taratibu, tope lote nikalizoa kwa mikono mpaka kwenye ndoo, nikapangusa beseni kwa kidole. Kigae chenye kasuku nikamwachia mezani. Sikutaka aseme nimemnyang'anya mama yote.

Alinifuata hadi mlangoni, mwiko ungali mkononi, machozi yanamtoka.

"Utampasua," akasema.

"Basi apasukie kwangu."