Imbwa ya Mukwe

Wewe, ulishavutwa na imbwa mbele ya mukwe wako, kamba kiunoni, kiatu kimoja mukononi? Kama bado, keti vizuri, maana Mama Marthe wa Nchelenge alivutwa, na wenye mashua wote walimuona, na hata leo akienda kuchota maji hakosi mutu wa kumuuliza kama magoti yamepona.

Kwanza ujue habari ya mukwe. Boyd Kabaso, bwana ya Cadette, ni kijana wa Zambia mwenye mabega manene, anayenunua samaki mu visiwa na kuwauza kwa wenye makamiyo, magari makubwa ya mizigo. Alioa binti ya Marthe miaka miwili iliyopita, wakati Marthe angali anaishi mu kambi ya wakimbizi ya Mantapala na shamba lake la mihogo. Tangu siku ile, hata Marthe alipohamia Nchelenge karibu nao, hawakusemeshana neno hata moja. Si kwa ugomvi. Ni heshima. Kwao Marthe kule Pweto, upande wa Kongo, na kwa Wabemba vilevile, mama mukwe na mukwe hawatazamani uso kwa uso mpaka siku jamaa mbili zitakapoketi kula pamoja na kuwafungulia salamu. Siku hiyo kila mutu aliisema na hakuna aliyeipanga. Basi Boyd akimuona Marthe anakuja mu njia, anaingia mu mihogo na kugeuza mugongo. Marthe akimuona Boyd ku soko, anajifunika kitenge mu kichwa na kuanza kuchagua nyanya asizotaka kununua. Ku kanisa Boyd anatokea mulango wa mbele, Marthe ule wa nyuma, penye ngoma. Kila neno lilipita kwa Cadette, kama barua zinavyopita ku posta.

Mwezi wa sita Cadette akazaa mutoto mwanamuke. Alizalia kwa mama yake, kama inavyofaa kwa muzaliwa wa kwanza. Mutoto alipofikisha siku kumi na mbili, Boyd akaitwa kisiwani Chisenga kwa juma tatu, maana samaki walikuwa wengi na wanunuzi wachache. Imbwa yake hakuweza kumuchukua. Mara ya mwisho imbwa aliruka kutoka mu mashua kumufuata ndege, na watu sita wakageuza safari ili kumuokota. Kwa hiyo imbwa akaletwa kwa Marthe. Boyd alimufunga pa mupapai mbele ya nyumba, akakohoa mara mbili, akaondoka. Marthe alipotoka, imbwa alikuwa amekwisha kula kamba.

Jina lake Bwangu. Ni neno la Kibemba, maana yake upesi, na ni wazi kwamba aliyempa jina hilo hakufikiri sana juu ya watu watakaomulinda. Alikuwa wa rangi ya unga wa muhogo ulioungua kidogo, sikio moja juu, lingine chini, kifua cha mbuzi dume, na mukia ambao haukulala hata mwenyewe akilala. Siku ya kwanza alitafuna ndala ya kushoto ya Cadette. Siku ya pili akala sabuni, akatoa povu hata jirani akaingiza watoto wake mu nyumba. Siku ya tatu akapata kitabu cha nyimbo cha Marthe, akala kuanzia wimbo wa makumi ine hadi wa makumi tano na mbili. Wakiimba zile nyimbo ku kanisa, Marthe anafungua tu kinywa na kumufuata aliye karibu.

Jioni Boyd akapiga telefone. Cadette alikuwa ananyonyesha, akaiweka sauti ya juu na kuilaza pa mukeka, kati yake na mama yake.

"Umwambie mama," sauti ya Boyd ikasema, wazi kabisa, "Bwangu anatafuna sababu hakimbie. Akimbie kila asubuhi, mbali, mpaka achoke."

Marthe akatazama ukuta, akangoja.

"Mama," Cadette akasema, "anasema Bwangu anatafuna sababu hakimbie. Akimbie kila asubuhi, mbali, mpaka achoke."

"Ah," Marthe akasema, kama mutu anayepata habari mpya. "Umwambie niko na miaka makumi sita na mbili. Umwambie imbwa yake itaniua."

"Ni mimi nakosa, mama anisamehe," Boyd akajibu mara moja, halafu akakumbuka heshima. "Eh, Cadette. Anasema nini?"

Asubuhi Marthe akavaa viatu vya raba vya marehemu bwana yake, muzee Ilunga, akavijaza vitambaa pa vidole. Kamba akaifunga kiunoni, maana mikono alitaka kushikia kitenge. Hilo lilikuwa kosa. Bwangu alishuka naye njia ya ziwani kama mutu anayekokota mashua tupu, akapita kati ya wafua nguo, akaingia mu chisense za Eness.

Chisense ni vile visamaki vidogo kama sindano, na Eness, mwanamuke wa palepale, alikuwa amevianika juu ya muchanga safi, mistari na mistari, vinang'aa. Baada ya Bwangu kupita havikuwa tena mistari.

"Bamayo," yaani mama, Eness akasema, mikono kiunoni. "Munakimbia muzuri. Kesho mukimbie pa samaki ya mwingine."

Marthe alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja, akivipuliza muchanga, mpaka jua likafika katikati. Jioni, telefone ilipolia, alimutumia Boyd habari zote, kuanzia mistari hata magoti.

Siku ya tano akaacha kushindana. Alikuwa amelea watoto wanane mu nyumba yenye sahani tatu. Kufundisha kungoja alikujua. Bwangu akivuta, Marthe anasimama kama mti wa kufungia mashua. Hapigi, hasemi, anatazama ziwa. Imbwa anavuta, anavuta, halafu anageuka, anarudi kuona kuna nini. Hapo Marthe anaanza tena kutembea. Asubuhi ile walitumia saa nzima kufika pa nyumba ya tatu. Jirani mumoja, Kafula, alikuwa anafagia uwanja wake. Akamaliza, akaoga, akatoka amevaa nguo za kazi, akawakuta palepale.

"Mama Cadette, munangojea kamiyo?"

"Tunangojea akili," Marthe akajibu. "Inakawia."

Jioni ilikuwa somo la sahani. Anaweka kichwa cha samaki mbele ya Bwangu na kusema, "Ngoja. Keti," na anahesabu. Mara ya kwanza hakufika mbili. Juma la pili alihesabu mpaka makumi tatu, mate ya imbwa yakishuka kama kamba mbili, na hakuna aliyejongea.

Hapo mbio zikageuka kuwa mbio za watu wawili. Walikwenda kando ya maji, penye muchanga mugumu, toka kwa wafua nguo mpaka penye mashua zilizooza, na kurudi. Magoti ya Marthe, yaliyokuwa yanalia tangu Mantapala, yakanyamaza. Usiku alilala kama gogo. Na pa chisense walifanya kazi maalum: Marthe aliirefusha kamba, Bwangu akazunguka mistari akifukuza kunguru. Akikanyaga kisamaki hata kimoja, Marthe anasimama na wanaanza upya toka mwanzo. Alijifunza haraka kuliko watoto wawili wa Marthe, ambao hatutawataja.

Siku moja walichelewa. Eness akaja mwenyewe pa mulango.

"Bamayo, kunguru balishaingia ku kazi. Mufanyakazi yangu eko wapi?"

Marthe alikuwa ameanza kusema na imbwa njiani. Alimwambia habari za Pweto, nyumba ya matofali waliyoiacha, muzee Ilunga ambaye naye alitembea mbele siku zote na kurudi kuuliza kuna nini. Akitoka kuoga alimukuta Bwangu ameketi pa mulango anamungojea. Miaka mingi hakuna aliyemungojea pa mulango.

Lakini jioni, telefone ikilia, alilalamika vilevile. Angefanya nini? Mama mukwe akisifu kitu cha mukwe, ni sawa na kukiomba. Na kuomba kwa mukwe, kwao, ni haya ya kufa nayo. Marthe aliona mabinti wakicheka mama mumoja wa Pweto kwa sababu alisifu jogoo. Kwa hiyo alisema, "Umwambie imbwa yake imenimaliza mafuta ya mwili," huku mukono wake uko juu ya lile sikio la chini, unalikuna.

Siku ya Ine ya juma la tatu, ndiyo Alhamisi, sauti ya Boyd ilikuwa na furaha.

"Umwambie mama apumzike. Nimeona haya sana, siku zote anateseka juu yangu. Nimepata mutu hapa Chisenga, Nkandu, mwenye kambi ya wavuvi. Anaitaka imbwa kabisa. Jumamosi, siku ya Posho, tutakuya naye na mashua, ataichukua, atarudi nayo. Haitamusumbua mama tena."

Marthe hakungoja Cadette arudie.

"Ni vizuri," akasema. Kisha akaenda jikoni akatia chumvi mu sombe, mboga ya majani ya mihogo, mara mbili.

Kesho yake asubuhi alikuja kuketi karibu na Cadette.

"Umwambie bwana yako, kule Chisenga kuna jua kali."

"Mama, ni ziwa moja."

"Umwambie imbwa haijue kuogelea."

"Mama. Inaogelea kila siku. Ulirudi nayo jana ukalowana."

Marthe akakunja nepi ya mutoto, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umwambie kule watamupa matumbo ya samaki tu. Anakula bukari, ugali wetu, huyu. Na anangoja."

Cadette akamutazama mama yake. "Mama, unataka nini?"

"Mimi? Mimi sitake kitu."

"Basi nimwambie nini?"

"Umwambie tunasalimia."

Siku ya Posho Marthe akajipanga. Atakwenda ziwani mapema, atamufunga Bwangu pa mti wa mashua, atakohoa mara mbili, ataondoka kabla mukwe hajafika. Vile alivyoletwa ndivyo atakavyorudishwa. Akavaa viatu vya muzee, akafunga kamba kiunoni, maana mikono ilikuwa imezoea hivyo, akatembea polepole kuliko siku zote, na Bwangu akatembea ubavuni, muzuri kama mwanafunzi anayekwenda kupokea cheti.

Upepo wa Chisenga ulikuwa muzuri kupita hesabu yake. Mashua ilikuwa imekwisha kufika.

Bwangu akanusa. Lile sikio la chini likasimama, jambo ambalo Marthe hakuwahi kuliona. Halafu juma tatu za mafundisho zikaanguka mu ziwa.

Boyd alikuwa ameshuka, maji magotini, kitunga cha samaki begani. Akainua macho, akamuona mama mukwe wake anakuja juu yake kwa mbio, kiatu kimoja kimetoka na amekishika mukononi. Kijana mwenye malezi anajua la kufanya. Akatupa kitunga, akakimbia. Alikimbia kwa heshima yote, uso ameugeuza pembeni ili asimutazame. Bwangu akaona baba yake ameanza muchezo, akaongeza. Marthe akaongezwa.

Wafua nguo wakasimama. Eness akaweka mikono kichwani, kwa maana njia yao ilikwenda moja kwa moja pa chisense. Boyd akazunguka mistari. Bwangu akazunguka mistari, vilevile alivyofundishwa. Marthe akazunguka nyuma yake. Hakikukanyagwa kisamaki hata kimoja, na Eness akashusha mikono polepole.

"Boyd, toka mu njia ya mama mukwe," mwanamuke mumoja akaita.

"Ndiyo ninatoka, hamuone?" Boyd akajibu, na kwa kukosa mihogo ya kuingia akaingia mu ziwa, mpaka mapajani, akawapa wote mugongo.

Marthe akapata pumzi moja tu, akaitumia.

"Ngoja. Keti."

Bwangu akaketi, papo hapo, mu maji ya ukingoni. Boyd naye akaketi, na maji yakamufika kidevuni. Nani alitii kwanza, watu wanabishana.

Marthe akajifunika kitenge, akageukia nchi kavu. Boyd alitazama upande wa Chisenga. Katikati yao imbwa, mukia unapiga maji. Nkandu alikuwa amesimama mu mashua na kamba mupya mukononi, hajui amufuate nani.

Boyd akakohoa mara mbili.

"Bwangu," akasema, kwa sauti ya kanisani, "umwambie mama anisamehe. Umwambie Nkandu anakuya kukuchukua sasa, mama apumzike."

Bwangu akamutazama Boyd, halafu Marthe. Hakupeleka neno.

"Bwangu," Marthe akasema kutoka chini ya kitenge, "umwambie baba yako Nkandu asiharakishe."

"Bwangu, umwambie mama Nkandu hana haraka, lakini upepo utageuka."

"Bwangu, umwambie..." Marthe akaanza. Akakatiza neno. Alisikia Nkandu anashuka mu maji, hatua moja, ya pili. Kamba kiunoni mwake ikakaza kidogo, maana Bwangu alikuwa amerudi nyuma, akaegemea mugongo pa miguu yake, amelowana, anatetemeka.

"Bamayo," Eness akasema kutoka pa samaki zake, bila kuinua sauti. "Posta iko ku nyumba, inanyonyesha. Museme na kinywa yenu."

Nkandu alikuwa amefika. Alinyoosha mukono. Marthe akaivuta kamba kwake mara moja, akashusha kitenge kutoka kichwani, akageuka, akautazama ule mugongo munene mu maji, ambao kwa miaka miwili aliutazama toka mbali mu mihogo.

"Boyd, mutoto yangu," akasema. "Hii imbwa ni muzuri. Niko naipenda. Uniachie."