Jalidi kwenye Bawa la Kushoto

Tik.

Ilikuwa swichi ya saa, ukutani nyuma ya jiko, ile inayopeleka umeme kwenye waya mrefu unaotoka nje hadi kwenye hita ya injini. Ndege yetu ilikuwa imelala huko, juu ya ziwa lililoganda. Saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa macho gizani, nikaisikia, nikajua mume wangu ameamua. Usiku hakuniambia kitu, lakini swichi ile haijitegi yenyewe.

Nikageukia ukuta. Nikageukia dirisha. Nikageukia ukuta tena.

"Unajirusharusha kama samaki aliyetupwa kwenye boti," Wasillie alisema, sauti bado ina usingizi.

"Unaruka leo."

"Naruka leo, na Anfisa. Kijiji kinangoja nyota, Fevronia. Unajua."

Najua. Nyota ile aliitengeneza baba mkwe wangu kwa mbao na karatasi za kung'aa, nayo hubebwa nyumba hadi nyumba kijijini kwao, upande wa pili wa mlima, kila Krismasi yetu, ambayo kwa kalenda ya kanisa letu ni Januari. Huzungushwa mlangoni watu wakiimba, kisha mwenye nyumba anakaribisha wote kula. Bila nyota hakuna anayetoka. Msimu wa kuvua samaki baba mkwe alitutoka, na Wasillie akaileta kwetu aikarabati. Jioni ya siku hiyo ya safari ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kubebwa na mkono mwingine, na mkono huo ni wa mume wangu. Anfisa, miaka mitano, alikuwa ameshika wimbo wote, hata sehemu ambazo mimi huzipitia kwa kufumba mdomo.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa nyota. Kilikuwa kava.

Kila jioni mabawa yetu huvishwa makava, moja kulia, moja kushoto, ili jalidi, ule umande ulioganda, isiyashike. La kushoto lilichanwa na upepo siku mbili nyuma. Nikalileta ndani nilishone. Jana yake, baada ya kumlaza mtoto, niliketi na sindano, nikafungua na daftari la darasa la jioni la urubani pembeni, nijisomee kidogo huku nikishona. Nikalala juu ya vyote viwili. Na usiku ule ukungu ulipanda kutoka kwenye maji ya mto ambayo hayajaganda, ukatanda ziwa zima. Bawa la kushoto lililala uchi.

Nilimwambia wakati wa chai.

"Baba Anfisa, lile kava sikulirudisha."

Alinitazama, akachukua tochi, akatoka. Nilisimama dirishani nikiangalia mwanga wake ukizunguka ndege. Ukaenda, ukarudi, ukasimama sana upande mmoja. Nilipanga vikombe, nikavipangua.

"Imeshika?" nilimuuliza aliporudi.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kung'arisha."

Kung'arisha ni desturi ya marubani wa huku, ya baba zao. Jalidi hawaiondoi. Wanaisugua kwa kamba na magunia mpaka inakuwa nyororo kama sahani, wanasema tayari, wanaruka nayo. Baba mkwe alifanya hivyo majira arobaini ya baridi, akafa kitandani kwake, ana wajukuu miguuni.

Ila mimi nilikuwa nimekaa darasani kwa Bi Lorene, Jumanne na Alhamisi, kwenye viti vya watoto wa shule magoti yakigusa kidevu. Bi Lorene amerusha ndege tangu kabla sijazaliwa. Siku moja alitupitishia kipande cha msasa, kila mtu akiguse. "Jalidi inayokwaruza kama hiki tu," akasema, "inakula theluthi ya nguvu ya bawa ya kuinua ndege. Na hutaiona. Utaijua umeshaiacha ardhi." Kipande kile nilikiweka ndani ya daftari. Bado kipo.

"Usiruke na jalidi," nilisema.

"Baba aliruka nayo miaka arobaini."

"Baba alikuwa na bahati miaka arobaini. Wewe una mtoto nyuma."

"Haya, mwalimu wa jioni." Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Ndege yetu ina viti viwili tu, kimoja nyuma ya kingine. Siku hiyo cha nyuma kilikuwa cha Anfisa, na nyota, pembe zake zikiwa zimechomolewa, ingelala nyuma yake kwenye mizigo. Mimi nafasi yangu ilikuwa dirishani.

Kulikucha saa nne, kama kawaida ya baridi ya huku kaskazini, mwanga wa kijivu usio na jua. Lingetoka jua hata kwa saa moja tu, bawa lingejikausha lenyewe. Halikutoka. Wasillie alipanda ngazi na kamba, akairusha juu ya bawa, mimi nikashika ncha ya pili, tukawa tunavuta huku na huku kama watu wanaokata gogo kwa msumeno. Unga mweupe ulitumwagikia shingoni. Tulisugua, tukaacha, tukasugua. Kwenye baridi ile jalidi inashika kama imebandikwa kwa gundi.

Simu yake ikalia. Mama mkwe. Nilimsikia hata kabla hajaiweka sikioni.

"Watoto wameshaoga, mwanangu! Supu iko motoni. Mko wapi?"

"Tunakuja, mama. Bado kidogo."

"Mawingu huko yakoje?"

"Yako juu. Njia ya mlimani iko wazi."

"Basi njooni mwanga ungalipo."

Huo mwanga ndio uliokuwa shida. Safari ni dakika hamsini, giza linaingia saa kumi. Akitoka saa nane anafika vizuri. Baada ya saa nane hatoki mtu. Kanuni hiyo aliiweka yeye mwenyewe siku tuliyoinunua ndege, akaiandika kwenye karatasi ya mlango wa friji pamoja na zile nyingine: nani anaruka, anapita wapi, anafika saa ngapi, na asipopiga nimwite nani. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaijaza. Niliisoma mara nne, kana kwamba ingebadilika.

Saa sita hivi akaja Gust, binamu yake Wasillie, na pikipiki yake ya theluji. Hakuzima hata injini.

"Eh! Mnaiogesha ndege au mnairusha?"

"Shemeji yako hataki jalidi," Wasillie alisema.

"Shemeji, hicho ni cheti gani unasomea, cha kufuta vumbi?" Alipanda ngazi na glavu zake nene, akapapasa. "Hii? Hii imeng'aa! Naweza kunyolea ndevu hapa. Marehemu mjomba angeshafika, ameshakula supu, anarudi kutuchukua sisi."

"Gust," nikasema, "mara ya mwisho uliponiambia barafu ni nene, pikipiki yako tuliitoa ziwani kwa winchi."

Wasillie alicheka, safari hii kwa kweli. Gust alishuka akijifanya kusafisha miwani. Lakini maneno yake yalikuwa yameshaingia. Nilimwona mume wangu akiutazama mlima, halafu saa, halafu mlima.

Niliingia ndani. Sikuweza kukaa. Nilichukua lile kava nikalishona nimesimama, karibu na dirisha, kwa mshono mbaya mkubwa, nikijichoma vidole. Siku hiyo halikuwa na kazi tena. Mikono ilitaka kitu. Anfisa alikuwa mlangoni amevaa kila kitu, buti, kofia ya manyoya, mfuko wa samaki mkavu wa kumpelekea bibi kifuani, akiimba wimbo wa nyota chinichini na kuruka kwa mguu mmoja.

"Saa ngapi sasa, mama?"

"Saa saba u nusu."

"Bado kuna mwanga?"

"Upo, mwanangu."

Nikamshika mkono tukatoka. Wasillie alikuwa ameshavua hita na blanketi la injini, ameshakinga petroli kwenye kikombe cha kioo na kuiangalia kama ina maji. Nyota ilikuwa imeshafungwa kwa kamba. Kila kitu alikifanya sawasawa, kama siku zote. Ni mtu mwangalifu, mume wangu, ndiyo maana nilikubali kuolewa na mtu wa ndege. Ni hili la jalidi tu alilolirithi kwa baba yake.

"Tayari," alisema bila kunitazama. "Mpandishe."

Sikumpandisha. Nilisimama mbele ya mlango wa ndege, mtoto nyuma ya koti langu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Kava niliacha mimi. Nitampigia mama mwenyewe, nitamwambia ni mimi. Na ninuniwe mimi Krismasi nzima. Lakini wewe hujaligusa hilo bawa."

"Nimelisugua kwa saa tatu nzima, Fevronia!"

"Kwa glavu. Vua glavu. Pitisha kiganja kitupu, kutoka kwenye shina, linapoungana na ndege, mpaka kwenye ncha. Ukikuta laini pote, nampandisha mtoto mwenyewe na kuwapungia mkono. Ukikuta panakwaruza, mnabaki, mnaondoka kesho. Sitaongeza neno."

"Shemeji, atapoteza vidole kwa baridi," Gust alisema.

"Nyamaza, Gust," Wasillie akamjibu. Akanigeukia. "Neno lako?"

"Neno langu. Na lako?"

"Na langu."

Akavua glavu ya kulia, akapanda ngazi. Kiganja chake kilianza kwenye shina, kikasogea polepole juu ya bawa, yeye akihamisha ngazi, akipanda tena. Laini. Laini. Uso wake ulianza kufunguka, na mimi, Mungu anisamehe, nusu yangu ilifurahi, kwa sababu ya ile supu na wale watoto waliokwisha kuoga.

Karibu na ncha mkono ukasita. Ukarudi nyuma kidogo. Ukapita tena palepale.

Nikangoja aseme. Alibaki juu ya ngazi, kiganja kikiwa chekundu, akiangalia magharibi mahali mlima unapoachana na wingu. Midomo yake ilisogea kama mtu anayetafuta neno ambalo si uongo na si kweli. Gust alizima pikipiki.

Anfisa alinichomoka. Alisimama chini ya ngazi, mikono juu, kama anavyofanya siku zote akitaka kuona anachoona baba yake. Wasillie akainama, akamnyanyua, akamkalisha begani.

Mtoto aling'ata glavu yake kwa meno, akaivua, akaweka kiganja pale pale kilipokuwa cha baba. Akakisukuma mbele. Akakirudisha.

"Baba, hapa panakwaruza."