Kifungu cha Tisa

Lorna Thibeault alikuwa akikoroga sufuria la maharage kwenye jiko la ukumbi wa mji aliposikia msimamizi wa mkutano akimaliza kifungu cha nane. Akafuta mikono kwenye aproni, akamwachia mwenzake nyama ya nguruwe iliyokuwa kwenye oveni, akatoka na kadi yake ya kura.

Kila Machi wakazi wa Alder Notch hukaa kwenye viti vya kukunja na kupigia kura kila kitu, kuanzia chumvi ya kumwaga barabarani hadi mshahara wa polisi. Madiwani watatu ndio wanaowasimamia hao polisi. Lorna alikuwa amewapelekea wao malalamiko yake kwanza, kama mtu mstaarabu.

Novemba, saa nne asubuhi, Sajini Wade Colby alikuwa akimsaka mwizi wa mashine ya theluji. Akakosea nyumba. Akamlaza Gene, mume wa Lorna, kifudifudi kwenye ngazi za mbele, akamkunja mkono mpaka bega likateguka. Gene ni mkata magogo. Sasa hata msumeno hauinui, na anavalishwa shati na mkewe kama mtoto.

"Tumelisikia, mama, na limeshughulikiwa," diwani mkuu, Hollis Batchelder, alimwambia baada ya kikao cha faragha.

"Limeshughulikiwaje?"

"Hayo ni mambo ya utumishi. Ni siri."

Siri! Colby alipita mbele ya nyumba yao kila siku, dirisha chini, akipiga mluzi. Lorna akaapa moyoni kwamba kama hawataki kumwadhibu, yeye atamnyima kula.

"Kifungu cha tisa," msimamizi akasoma. "Mshahara wa dola elfu sitini na mbili, ili Sajini Colby, ambaye sasa ni wa muda, awe askari wa kudumu."

Lorna akasimama. "Naomba kurekebisha. Palipoandikwa elfu sitini na mbili, pasomeke dola moja."

"Moja, dada?"

"Moja. Hata kahawa hainunui."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Mpe na chenji!" mzee mmoja akapaza sauti. Colby mwenyewe alikuwa mlangoni na sare yake, akilinda usalama, na masikio yalimwiva.

Kadi zikainuliwa. Sitini na moja kwa hamsini na nne: Lorna ameshinda. Na miongoni mwa kadi za ushindi aliiona ya Batchelder, juu kabisa. Kumbe mtu ana dhamiri! Akakimbilia jikoni kuiwahi nyama isiungue, na roho yake ilikuwa kwatu kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Wakati wa chakula alimpakulia Batchelder kabla ya wote. "Asante, Hollis."

"Haki ni haki, Lorna," akajibu, mdomo umejaa.

Mchana theluji ikaanza. Wafugaji wakaondoka kwenda kukamua, wazee wakahofia barabara. Lorna alikuwa akiosha sahani aliposikia tena, "Kifungu cha tisa." Akatoka mikono ikichuruzika maji.

Batchelder alikuwa amesimama. "Nilipiga kura upande ulioshinda," alisema, "kwa hiyo ninayo haki ya kuomba kifunguliwe upya."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mshindi tu anayeruhusiwa kukifungua kifungu, na Batchelder alikuwa ameinua kadi ili awe mshindi. Kila mtu Alder Notch anajua kwamba ukishinda, papo hapo unaomba kura ya pili, ya kukifunga kifungu kisiguswe tena. Lorna alikuwa amehudhuria mikutano hii miaka kumi na tisa. Asubuhi ile furaha na nyama ya nguruwe vilimsahaulisha.

Kifungu kikafunguliwa, na waliobaki wakapiga kura upya: thelathini na tatu kwa ishirini na moja. Colby akapata kazi yake ya kudumu.

"Na ninaomba kifungu cha tisa kifungwe," Batchelder akaongeza upesi. Yeye hakusahau.

Kikabaki kifungu cha mwisho, mengineyo. Watu walikuwa wameshaanza kuvaa makoti.

"Edith," Lorna akamwita karani wa mji, "andika."

"Niandike nini, shoga?"

"Kwamba Sajini Wade Colby alikosea nyumba, akamtegua bega Gene Thibeault, ambaye hakuwa na kosa. Na madiwani watatu walijua."

"Bwana Msimamizi!" Batchelder akaruka. "Hayo ni ya kikao cha siri!"

"Kikao chenu ndicho cha siri. Ngazi zangu si za siri."

Msimamizi akafunua kitabu cha kanuni, akakifunika. "Kwenye mengineyo, mkazi husema alitakalo."

Edith akaandika. Kumbukumbu za mkutano huchapwa kwenye kitabu cha mwaka, na kitabu hicho huingia kila nyumba, ya mama yake Colby ikiwemo. Lorna alilijua hilo vizuri, na lilimburudisha kuliko maji baridi.

"Sasa tusomee," akasema. "Kwa sauti. Nataka kusikia kama bega umeliandika."

Edith akasoma polepole, neno kwa neno, na sajini, anayelipwa kusimama mlangoni hadi mkutano ufungwe, akasimama pale pale akasikiliza.