Kidole cha Shangazi Mwasiti

Usiku wa kuamkia leo niliota kunguni wa maji amekuja nyumbani kwetu kulalamika. Alipiga hodi, akavua viatu vyake vyote sita mlangoni, akangoja akaribishwe. Nikampa kigoda.

"Mama," akasema, "nimekuja kwa ajili ya shangazi yako. Ananichafulia jina."

Sikushangaa. Shangazi Mwasiti, dada yake baba, anaishi nasi hapa bondeni tunakolima mpunga. Tangu masika ana uvimbe mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Hauumi wala hauwashi. Umekaa tu kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Nimemsihi twende zahanati mpaka nimechoka. Hunijibu kwamba ameumwa na mdudu, na mambo ya mdudu huisha yenyewe. Kisha huenda mferejini kuwatukana wadudu.

Basi katika ndoto shangazi akaingia, akamwona mgeni, akamnyooshea kidole. "Ni huyu."

Kidole kikarefuka kidogo. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Kunguni alieleza kwa upole kwamba hakumbuki kumuuma. Alikiri kuwa wataalamu waliwapima ndugu zake, na baadhi yao walikutwa wamebeba miguuni bakteria wanaoleta uvimbe kama huo. "Siwezi kukataa," akasema. "Lakini na wewe, mama, miguu yako ina tope. Je, ndiwe uliyeleta mvua?"

Shangazi akalipima neno hilo, akaona lina uzito. Akahamishia lawama kwa mbu. Kidole kikatoka dirishani kumtafuta. Mbu alikuwa ametulia kwenye kamba ya nguo. Akasema kwa heshima zote kwamba kuna nchi za mbali ambako ukoo wake unashukiwa kweli, ila habari za huku hana uhakika nazo, kwa sababu anauma watu wengi mno na hashiki sura.

Kidole hakikukubali kurudi mikono mitupu. Sasa kinalishuku tope, kinaushuku mfereji, kinaishuku mizizi ya mpunga, na kila kinaposhuku kinarefuka. Kinaizunguka nyumba. Kuku wanapanda juu yake na kulala. Jirani yetu Mama Ng'wana anaanika kanga zake hapo, anashukuru. Mimi nakifuata nyuma, naomba radhi kwa kila tunayempita.

Kidole kinaingia kwa mlango wa nyuma, kinapenya chini ya meza, kinasimama. Kimegusa uvimbe wa shangazi mwenyewe.

Uvimbe ukafungua kidirisha. Akachungulia bakteria mmoja, mnene, mwenye uso wa usingizi.

"Endeleeni," akasema.

Tulingoja. Shangazi alikoroga uji ukaiva, tukanywa, nikaosha vikombe.

"Kubishana," akamalizia. Nyuma yake zilisikika nyundo.

Shangazi akamuuliza kwa nini yeye haumii, kama humo ndani kuna ujenzi. Jibu lilichukua muda mrefu kiasi kwamba kunguni alisinzia kwenye kigoda chake.

"Mwenye nyumba tumempa ganzi. Akiamka atatufukuza."

Hapo ndipo shangazi aliponisogezea mkono wake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiogopa, nami nikaushika.

Hatukuinuka, lakini jikoni palikuwa pameshakuwa zahanati. Pale penye kabati la vyombo alikaa muuguzi. Shangazi akamtaka kwanza amwambie ni nani aliyeuleta ugonjwa huu.

"Aliyemleta bakteria huyu bado tunamtafuta," muuguzi akasema. "Aliyekaa mkononi mwako tunaweza kumtoa. Tuanze na yupi?"

Shangazi alifikiri. Kidole kikaanza kurudi taratibu, kanga za jirani zikiwa bado juu yake. Kuku wakashuka mmoja mmoja, wamenuna.

Kunguni akazinduka, akaomba naye apimwe, maana amechoka kushukiwa bila jibu. Akaingia kwenye chupa, akajifungia kifuniko kwa ndani. Muuguzi alipoandaa dawa, bakteria akatoa kichwa dirishani. Sasa alionekana kuwa macho kabisa.

"Tunaomba," akasema.

Tukangoja. Nikaamka.

Jua lilikuwa limechomoza. Nilimkuta shangazi kibarazani, amevaa gauni lake la safari na viatu vya kufunga. Akaniambia nijiandae, tuwahi zahanati kabla watu hawajajaa. Mimi nilikuwa sijafungua kinywa. Nikamuuliza taratibu kilichombadilisha mawazo.

Akautazama mkono wake kwa dharau.

"Yule bwana anaongea polepole mno, mwanangu," akasema. "Siwezi kukaa hapa nikingoja aseme anachoomba."