Sentensi Moja ya Kifaransa

Mkono wa fundi keki uligoma kwenye herufi ya kwanza. Miaka ishirini ameandika majina ya watu kwa krimu bila kutetemeka, lakini asubuhi ile keki ndogo nyeupe ilimshinda.

Binti wa rafiki yake marehemu alikuwa amesimama ng'ambo ya kaunta. "Andika kile Kifaransa chenu, mamdogo. Leo mama angetimiza hamsini."

Kifaransa chao! Kilikuwa sentensi moja tu, waliyoambulia shuleni kwa mwalimu aliyefundisha muhula mmoja akahama. Tangu hapo, siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, mwenzake alimpigia simu kabla ya chai na kuitamka kwa mbwembwe kama balozi: *Joyeux anniversaire!* yaani heri ya kuzaliwa. Aliyesahau alipigiwa na kusutwa mpaka akome. Fundi keki aliyapenda masuto yale kuliko salamu yenyewe. Basi mwaka jana, siku ya mwenzake ilipofika, alinyamaza makusudi, ili achokoze apigiwe. Akasubiri mpaka jioni. Simu haikulia, naye kwa kiburi hakupiga. Siku ya tatu akaletewa habari za msiba. Wala hakuwa amejua kwamba mwenzake amelazwa.

Tangu siku hiyo sauti ya mwenzake humwandama. Huisikia ndani ya mlio wa mashine ya kukorogea mayai, ikimuuliza: mbona kimya? Hajamwambia mtu. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Siku ile alinisubiri?" fundi keki aliuliza bila kuinua macho.

Binti akajibu, "Kutwa nzima simu ilikuwa kifuani pake. Nikataka nikupigie, akakataa. 'Mwache, ananichokoza huyo. Namjua.' Akacheka mpaka nesi akamgombeza."

Fundi keki aliuweka chini mfuko wa krimu. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba mwenzake alilia. Kicheko hakukitegemea, na ndicho kilichomchoma.

"Usingizi ulipomzidi," binti aliendelea, "akaniambia ukipiga nisimwamshe, nikuambie useme tu, atasikia."

Dukani hapakuwa na mteja mwingine. Fundi keki alijifuta mikono kwenye aproni, akaisema sentensi ile taratibu, bila mbwembwe. Kisha akangoja, kama mtu aliyebisha hodi.

Binti, ambaye hakujua neno hata moja la Kifaransa, aliitika kwa sauti ile ile ya mama yake:

"Abee."