Mashimo Kiwanjani kwa Dada

Dada mwenyewe ndiye aliyempigia mdogo wake simu. Mafundi walikuwa wanachimba msingi wa nyumba yake wakakuta madoa meusi ya mviringo kwenye udongo mwekundu, yamejipanga kama upinde. Yeye ni mshonaji, mambo ya kale hayamhusu, lakini mdogo wake ni mwanaakiolojia, akataka kumfurahisha.

Mdogo mtu alifika siku hiyohiyo. Akapiga magoti, akakwangua doa moja kwa mwiko, akainua uso umejaa furaha.

"Dada, haya ni mashimo ya nguzo! Hapa palikuwa na nyumba kabla watu hawajajua chuma."

"Na yangu je?"

"Subiri kidogo tu."

Ofisi ya mambo ya kale ikasimamisha ujenzi. Uzio ukawekwa, mdogo mtu akahojiwa redioni. Dada akaendelea kuishi na mama yao kwenye chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu. Magoti ya mama yalishamgomea. Katika nyumba mpya aliahidiwa chumba cha chini, chenye mlango wa kutokea uani.

"Mwambie mwenzio aharakishe," mama alikuwa akitania, "nisije nikawa wa kale na mimi."

Mvua zikanyesha, zikakata, zikanyesha tena. Mama akateleza kwenye ngazi akishuka kuota jua. Hakuinuka.

Majibu ya maabara yakaja baada ya mazishi. Yale madoa yalikuwa mizizi tu. Miti iliungua ikiwa imesimama, moto ukaifuata mpaka ardhini. Hapakuwa na nguzo wala nyumba.

Mdogo mtu alikuja kusema mwenyewe. Dada alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha mguu.

"Ilibidi tuhakikishe, dada. Sasa unaweza kujenga."

"Nimjengee nani?"

Akataka kumshika mkono, dada akauondoa, akageuza kitambaa.

"Kukosea si neno," dada alisema. "Ila kila ulipokuja ulipitia kiwanjani kwanza. Kwa mama ulipanda mara ngapi?"

Jibu mdogo mtu alilijua. Alikuwa akipiga honi barabarani, mama anampungia mkono dirishani, naye anaondoa gari.

Kiwanja dada alikiuza. Mnunuzi akajaza mashimo kwa kifusi, akajenga gereji.