Nondo za Nyumba ya Fundi

Kila jioni, jua likianza kuinama, fundi wa mageti alifunga nyumba yake. Alianza na geti, akalitia komeo na kufuli. Akaja mlango wa mbele, akavuta mnyororo. Akamalizia madirisha, akitikisa nondo moja moja kama mtu anayejaribu jino bovu. Mkewe alikuwa jikoni akimenya vitunguu, masikio yakiwa nje. Komeo la mwisho lilipolia, binti yao alikunja daftari lake na kumsogelea mama.

"Humu haingii mtu," fundi alisema.

Na kweli hakuingia mtu. Nondo za nyumba ile zilikuwa na akili. Wakati fulani mwizi alipenyeza mkono dirishani akitafuta simu, zikambana kiwikoni na kumshikilia hadi asubuhi bila kumchubua. Alipewa chai, akainywa amesimama palepale akisubiri polisi. Tangu hapo wateja wa fundi waliongezeka, ingawa alizowauzia zilikuwa nondo za kawaida tu.

Jioni ile chumvi ilizidi kwenye mchuzi. Fundi alisukuma sahani, akavua mkanda. Shavu la mkewe lilikuwa bado na alama ya kofi la juzi, chai ilipopoa. Nondo za dirisha la jikoni zikachomoka ukutani bila haraka, zikatambaa sakafuni, zikasimama hadi darini. Mke na binti walibaki upande wa jiko. Fundi alibaki upande wa meza, mkanda mkononi.

"Zimekosea hizi," alisema.

"Kwa mwizi zilikosea?" mkewe akauliza.

Binti alicheka, kisha akaziba mdomo.

Fundi alizikata kwa grenda. Kulipokucha zilikuwa zimeota tena, nene kuliko mwanzo. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Fundi, mbona nondo zimehamia ndani? Mwizi wako anakula humohumo?"

"Chunga kwako," fundi akamjibu.

Huku jikoni mke na binti walitandika mkeka wakalala usingizi mzito. Chakula cha fundi kilipita kwenye mwanya wa chini, na sahani ilirudi njia hiyohiyo. Alama ya shavuni iligeuka njano, kisha ikapotea. Hapo ndipo mke alipotazama vizuri lile dirisha lililoachwa wazi. Mtu mzima angepita, na mtoto wake pia. Akafunga nguo kwenye kanga, akampigia mama yake simu aje awapokee.

Mama alikuja. Alisimama chini ya dirisha, akapokea furushi, akalipima uzito mikononi.

"Mama, zimetufungulia njia."

"Naona, mwanangu. Nawe unaona majirani wanavyotazama?" Akalirudisha furushi ndani. "Mwanamume anayefunga milango anajua thamani ya kilichomo. Mimi baba yako hakufunga hata choo. Vumilia."

Aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi na kaka mkubwa wa fundi aliyeitwa kusuluhisha. Walikunywa soda. Kaka mkubwa alizigonga nondo kwa kidole, akakubali kwamba ni imara.

"Ya ndani hayatoki nje," alisema. "Tufunike kombe. Mdogo wangu, usishindane na chuma. Weka kilango."

Fundi alijipiga paji la uso. Kazi yake yote ni mageti, na hilo halikumjia! Alipima, akakata, akachomelea bawaba na kuzipaka grisi. Nondo hazikumzuia. Zilijua kuzuia mkono, bawaba hazikuzijua. Kisha akaziba dirisha la jikoni kwa nondo mpya za dukani, zisizo na akili yoyote.

Mama mkwe alisifu kazi. Hata jirani aliomba kuja kuchukua vipimo vya kilango ili aweke kwake, mke wa jirani akiwa nyuma yake, ameinamisha uso.

"Sasa mko salama," mama alimwambia bintiye, akaaga.

Jua lilianza kuinama. Fundi alifunga geti, akavuta mnyororo wa mlango, akatikisa nondo za madirisha moja moja. Mkewe alikuwa akimenya vitunguu. Binti alikunja daftari lake. Komeo la mwisho likalia, kisha funguo zikasikika zikija jikoni. Kilango kilifunguka bila kelele, maana bawaba zilikuwa na grisi.